Kombi ya baba imezima Kitonga: nifungue injini au nifunge ya Toyota?

"Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, injini 1600 ya nyuma, ile ya kupozwa kwa hewa. Tukitoka Morogoro kwenda Iringa iliishiwa nguvu katikati ya mlima Kitonga, ikanuka, ikazima. Baada ya nusu saa ikawaka. Tangu siku hiyo taa ya oili inawaka-waka ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, na asubuhi kuna mlio wa tik-tik upande wa kushoto. Fundi wa mtaani kwetu anasema injini ya hewa haiwezi joto la nchi hii: tuifungue yote, au tuitupe tufunge ya Toyota. Mimi ni mwalimu wa fizikia, spana naishika, na haraka sina. Nianzie wapi?" Msomaji, Kihonda, Morogoro.

Marahaba, mwanangu, na poleni na msiba. Anza kwa kutofungua kitu. Injini hii ikishafunguliwa inakula pesa, na dalili ulizonitajia ni tatu au nne zenye sababu mbalimbali. Baadhi zinatibika kwa bisibisi, tochi na mpira.

Hilo la kwamba injini ya hewa haiwezi joto nimelisikia tangu nikiwa kijana wa kupokeza spana. Beetle, yenye injini ya ukoo huu huu, ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye vumbi na matope ya huku huku kwetu. Brazil waliendelea kuunda Kombi ya injini ya hewa hadi mwishoni mwa 2005, na Brazil si nchi ya barafu. Kinachoua injini hizi ni kunyimwa hewa, na mara nyingi aliyezinyima ni fundi.

Kwanza hakikisha ni injini ninayoidhania. Fungua mlango mdogo wa nyuma. Ukiona nyumba ya feni imesimama wima, dinamo au alteneta iko juu, na mkanda mmoja unashuka hadi puli ya krenki, hiyo ndiyo 1600: silinda nne zimelala, mbili kila upande, ujazo sentimita 1,584, nguvu za farasi kama 50. Kombi nyingine za miaka hiyo zilikuja na injini bapa ya 1700 au 1800, feni yake imefungwa moja kwa moja kwenye krenki. Ukiikuta hiyo, usitumie vipimo nitakavyotaja hapa.

Sasa chukua tochi. Feni inavuta hewa ya chumba cha injini, inaisukuma ishuke kwenye mapezi ya silinda, na hewa ikishabeba joto inatokea chini ya gari. Yale mabati meusi yanayoizunguka injini yanatenga vyumba viwili: juu hewa baridi, chini hewa ya moto. Na ukanda wa mpira unaopita ukingo wote unaziba mwanya kati ya mabati na bodi. Mpira ukikatika, feni inavuta tena hewa ile ile iliyokwisha kubeba joto, inaizungusha, inaivuta tena. Wewe unafundisha fizikia, utaliona hili haraka kuliko mafundi wengi niliofanya nao kazi, ambao bati likiwasumbua kufikia plagi wanaling'oa na kulitupa nyuma ya gereji.

Kwa hiyo hesabu mabati yote: la nyuma, la mbele upande wa giaboksi, ya pembeni, na yale ya chini ya silinda yasiyoonekana mpaka ulale mvunguni. Angalia vifuniko vya mpira kwenye waya za plagi. Kila tundu lililo wazi linavujisha hewa uliyokwisha kuilipia kwa petroli. Chungulia ndani ya nyumba ya feni. Mimi nimewahi kutoa humo kiota cha panya na majani makavu ya kujaza kikapu, na mwenye gari alikuwa amekwisha kununua seti ya pistoni. Matope yaliyochanganyika na oili kati ya mapezi nayo ni blanketi.

Halafu kuna kipoza oili. Kwenye injini za zamani kilisimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda namba 3, kikaizibia hewa, ikawa inazidi joto. Ndiyo maana wazee wakisema "namba tatu" huwa hawahitaji kumalizia sentensi. Kuanzia modeli za 1971 kilihamishiwa kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba ya feni, na hewa yake ya moto ikapewa njia yake ya bati kutokea nje. Kombi yako inatakiwa kuwa na mpangilio huo mpya, ila miaka hamsini ni mingi, na huenda mtu aliwahi kuifunga nyumba ya feni ya Beetle ya 1968. Tazama kama kibanda kipo na kama bati la kutolea hewa yake lipo. Likikosekana, joto lote la oili linamwagwa ndani ya chumba cha injini.

Kuhusu themostati: watu wengi huku waliitoa. Si dhambi kubwa, mradi zile pazia za bati ndani ya nyumba ya feni zimebaki wazi na hazijalegea. Nisingelumbana na mtu kwa hilo.

Hapo sijaugusa mlima. Niambie ukweli, mlipanda Kitonga na gia gani? Kombi ikishajaa watu na mizigo inapita tani mbili, na farasi 50 ni wachache. Dereva aliyezoea Hiace huiacha gia ya tatu mpaka gari lianze kutetemeka, anakanyaga mafuta hadi mwisho, anajisifu kwamba hailazimishi injini. Kumbe hapo ndipo anapoiua. Kasi ya feni inafuata kasi ya injini. Mizunguko ikishuka, hewa inashuka nayo, na wakati huo huo petroli inayoungua ni ya kiwango cha juu kabisa. Joto jingi, upepo kidogo. Shuka gia ya pili mapema, kabla haijaanza kulalamika, iache injini iimbe, na achia mafuta kidogo. Itapiga kelele, utaona aibu mbele ya malori, lakini itapanda. Nanyi mlikuwa mmetoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Mliuanza mlima oili ikiwa moto tayari.

Kuwaka tena baada ya nusu saa kunanifanya nitulie kidogo, kwa sababu injini iliyokwama pistoni kwa kweli huwa haisamehi hivyo. Huenda petroli ilichemka kwenye pampu na bomba, au koili ilichoka kwa joto. Ukisharudisha mabati na mipira, dalili hiyo inaweza kutoweka yenyewe. Lakini kagua pia vitu viwili vinavyoongeza joto kimyakimya. Cha kwanza ni mipira miwili inayounganisha manifoldi ya kuingiza hewa. Ikipasuka, upande mmoja unapata mchanganyiko mwepesi (hewa nyingi, petroli kidogo) na unaungua moto zaidi. Ni ya bei ndogo, badilisha bila kujiuliza. Cha pili ni taimingi, yaani cheche ya plagi inaitangulia pistoni kwa kiasi gani. Mafundi wetu wengi huiweka kwa sikio, wanazungusha distributa mpaka injini "ichangamke". Injini hii huchangamka vizuri sana dakika chache kabla ya kutoboa pistoni. Tafuta taa ya taimingi, chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe, zungusha injini hadi 3,000 au 3,500: jumla isipite digrii 30. Kabla ya hapo weka pointi, zile ncha za kukata umeme ndani ya distributa, zifunguke milimita 0.4, maana pointi zikihama, taimingi inahama nazo.

Tuje kwenye tik-tik. Hiyo ni tapeti, yaani nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu, mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo ni milimita 0.15 kwa valvu zote nane, na injini iwe baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Ukiwa umesimama nyuma ya gari unaitazama injini, namba 1 na 2 ziko kulia kwako, 3 na 4 kushoto, na 1 na 3 ndizo za upande wa mbele wa gari. Zungusha puli kwa spana ya 30 mpaka rota ielekee kwenye alama iliyo ukingoni mwa distributa. Hapo rekebisha namba 1. Kisha rudisha puli kinyume cha saa nusu mzunguko, rekebisha namba 2, nusu mzunguko tena namba 3, tena namba 4. Kwa kurudi kinyume hivyo zinafuatana kwa hesabu ya kawaida, hata mtoto hawezi kupotea, ijapokuwa moto wenyewe unapita 1-4-3-2.

Andika kila nafasi uliyoikuta kabla ya kuirekebisha. Tafadhali usiruke hili. Valvu inayogonga kwa nafasi kubwa inapiga kelele tu, inakera majirani. Ya kuogopa ni iliyonyamaza. Ukikuta valvu ya eksozi nafasi yake imejifunga, ukairekebisha, na baada ya kilomita mia chache imejifunga tena, shina lake linarefuka kama mpira wa manati. Kichwa chake kitakatika, kitaangukia juu ya pistoni. Nilifanya kosa hilo nikiwa na miaka ishirini na kitu: nikarekebisha namba 3 mara tatu kwa mwezi mmoja, kila mara nikijisifu kwa kuiwahi, mpaka siku ilipokatika. Pistoni ilipasuka, kichwa cha silinda kikachimbika, na tajiri wa gari alikuwa amekaa pembeni yangu.

Ukiwa umefungua vifuniko vya valvu, pima na kompresheni, plagi zote zikiwa nje na pedali ya mafuta imekanyagwa. Injini isiyo na ubovu hutoa kati ya 110 na 140 kwa kila silinda kwenye geji ya psi. Zote nne zikikaribiana, hata zikiwa kwenye 100, usifungue. Moja ikiwa chini ya 85, silinda hiyo ina lake jambo. Ile mbinu ya kumimina kijiko cha oili kutofautisha ringi na valvu haiaminiki sana hapa, kwa sababu silinda zimelala na oili inakaa upande wa chini tu.

Taa ya oili kuwaka-waka ikiwa sailensi na injini moto sana, ikazimika mara ukigusa mafuta, si kilio cha mwisho. Swichi yake inashtuka kwa presha ndogo mno. Pima presha yenyewe: funga geji mahali pa swichi, oili ikiwa moto, injini kwenye 2,500. Ikiwa psi 28 na zaidi endelea kutumia. Chini ya hapo, beringi au pampu imechoka. Kabla ya kuilaumu, mwaga oili na uweke mpya. Inaingia lita mbili na nusu tu, nami nimeona watu wakiimiminia galoni nzima ya lita nne, kisha wanashangaa inavuja kila pembe. Kwa hali ya hewa ya Morogoro tumia SAE 30 au 20W-50, na badilisha kila kilomita 5,000, kwa kuwa haina filta ya maana, ina chujio la wavu chini. Nati za kifuniko cha chujio hilo zikazwe kwa mkono wa upole, Nm (nyutoni-mita) 7 tu. Ukitumia nguvu za kukazia tairi utang'oa stadi, zile skrubu zilizosimama kwenye bloku.

Tone la pale kati ya injini na giaboksi ndilo litakaloamua kama injini inashuka. Kwanza linuse na ulipake vidoleni. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ikiwa ni ya injini, basi ni sili ya nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito linaloshika klachi), lakini usikimbilie kubadilisha sili. Shika puli ya krenki kwa mikono miwili, injini imezimwa, ivute kwako na uisukume. Krenki inaruhusiwa kwenda mbele na nyuma kati ya milimita 0.07 na 0.13, mwisho 0.15. Mkono wa kawaida hauwezi kuuhisi mwendo huo. Ukisikia "tok" wazi, umekwisha kupita, na sili mpya itavuja ndani ya wiki kwa sababu krenki inaichezea.

Hapo ishushe. Si kazi ya kutisha: injini ina kilo 120 hivi, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti na nati nne za 17, pamoja na ule mhimili wa nyuma unaoibeba. Chomoa betri kwanza. Ziba bomba la petroli, toa waya ya mafuta, waya za umeme na nyaya za hita kama bado zipo. Jeki ya magurudumu chini, watu wawili, uivute nyuma kwa usawa mpaka itoke kwenye shafti ya giaboksi. Ukiiachia ining'inie hapo unapinda sahani ya klachi. Bati la nyuma chini ya mlango kwenye Kombi za kuanzia 1972 halifunguki, kwa hiyo lazima gari liinuliwe juu vya kutosha injini ipite chini yake. Liegemeze kwenye stendi imara. Matofali hapana.

Flaiwili imeshikwa na nati moja kubwa ya 36. Ukiirudisha inataka karibu Nm 300, na spana ya torki ya ukubwa huo mtaani ni adimu. Mtu wa kilo 60 akisimama kwenye bomba nusu mita kutoka kwenye nati, hesabu unaijua. Nyuma ya flaiwili kuna shimu (pete nyembamba za kujaza nafasi) tatu, daima tatu. Funga mbili, pima mwendo kwa geji ya saa, toa 0.10, kinachobaki ndio unene wa shimu ya tatu. Ukikuta mwendo ulikuwa 0.2 tu, shimu na sili mpya vitakufikisha mbali. Ukikuta nusu milimita, beringi namba 1 imeanza kucheza ndani ya bloku, na mimi sijaona hali hiyo ikipona kwa shimu. Hapo tu ndipo namkubalia fundi wako kwamba ifunguliwe.

Ikifunguliwa, usinunue pistoni kabla ya kupima bloku. Makosa mengi ya pesa yako hapa. Bloku ni ya aloi ya magnesiamu, laini; joto linaipinda na matundu ya beringi kuu yanakuwa yai. Watu hufunga pistoni mpya na beringi mpya ndani ya bloku iliyochoka, injini inanguruma vizuri miezi mitatu, kisha taa inarudi. Bloku hukerezwa matundu yote kwa mstari mmoja na kuwekewa beringi nene zaidi kwa nje, lakini mkerezaji awe anaijua kazi hiyo. Kagua pia nyuzi za stadi za vichwa, zinapenda kung'oka, na ufa kati ya siti ya valvu na tundu la plagi. Wakati wa kukaza vichwa, stadi nene za milimita 10 zinataka Nm 32, nyembamba za 8 zinataka 25. Usizidishe ili "iwe salama". Zile bomba za fimbo za valvu zinyooshwe kidogo kabla ya kufungwa, zifike kama milimita 190, la sivyo zitavuja siku ya kwanza.

Spea zipo. Zunguka Gerezani, Dar es Salaam. Na kwa kuwa Mexico waliunda Beetle mpaka 2003 na Brazil Kombi mpaka 2005, vitu vya 1600 bado vinatengenezwa. Ila beba kipimo, usinunue kwa jina la boksi.

Jambo moja lifanye leo, kabla ya yote niliyosema: badilisha mipira yote ya petroli, kuanzia tangi hadi kabureta, na uweke klipu kila mwisho. Mpira wa miaka mingi unapasuka kama ganda la muwa, petroli inadondokea kwenye distributa, na bloku ya magnesiamu ikishashika moto, maji yanauchochea. Kama kuna filta ya petroli inaning'inia juu ya injini, ihamishe chini karibu na giaboksi. Nunua kizimamoto cha unga, kikae karibu na dereva, si nyuma juu ya injini.

Na ya Toyota? Inawezekana, nimeiona ikifanywa vizuri mara mbili. Hata kiwanda cha Brazil mwishoni kilifunga injini ya maji, kuanzia mwishoni mwa 2005 hadi Kombi ya mwisho mwaka 2013. Lakini inataka rejeta mbele, mabomba urefu wote wa gari, sahani ya kuunganishia giaboksi, na fundi atakayemaliza kazi. Nimeona nyingi zaidi zilizoishia katikati, zikageuka banda la kuku. Ukipima na kukuta bloku imekufa kabisa, tutazungumza.

Ukiiwasha baada ya kuifunga upya, kwanza izungushe kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izimike. Ikishawaka usiiache sailensi. Ishike 2,000 kwa dakika ishirini ili kemshafti, ile inayosukuma valvu, ipate oili. Baada ya kilomita 500 mwaga oili na urudie tapeti. Na taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa barabarani, simama hapo hapo, hata kama ni kwenye kona ya Kitonga: mkanda huo huo wa dinamo ndio unaozungusha feni, na ukiwa umekatika huna hata kilomita moja ya kuvumilia. Weka mkanda wa akiba na spana yake chini ya kiti.

Niandikie tena ukiwa na namba: tapeti nane ulizozikuta, kompresheni nne, presha ya oili, na mwendo wa krenki.